Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mozaiki ya Miwa na Suala la Mbegu

Wanachama wenzangu, asalaam aleikum na habari za kazi.

Hesabu za mwaka anazo mhazini, na kila mmoja atapata nakala yake kabla ya mkutano mkuu. Mambo ya mifereji na bei ya miwa kwa wauza juisi wa Malindi mjini yamo kwenye kumbukumbu za kamati. Hapa nataka tuzungumzie jambo lililoisumbua kamati kuliko yote: mozaiki, ugonjwa wa virusi unaoshika majani ya miwa katika mashamba yetu ya kandokando ya mto Sabaki.

Mozaiki hutafutwa kwenye moyo wa muwa. Chuma jani changa la juu lililokwisha kukunjuka, liinue kwenye mwanga, kisha tazama sehemu iliyo karibu na shina. Ukiona mabaka na michirizi ya kijani hafifu ndani ya kijani kilichokolea, isiyo na mpangilio, ndiyo hiyo. Jani likizeeka alama hufifia, ndiyo maana anayekagua majani ya chini hutoka shambani akidhani yuko salama.

Msiichanganye mozaiki na mambo mengine. Upungufu wa naitrojeni huanza na majani ya chini, nayo hugeuka manjano yote. Upungufu wa chuma ndio unaowachanganya wengi, hasa kwenye ardhi yenye chokaa ya matumbawe, kwa sababu nao huanzia majani machanga. Lakini mistari yake imenyooka kutoka chini hadi ncha, ilhali ya mozaiki imekatikakatika. Ukikuta mshipa mkuu umekuwa manjano kwa upande wa chini wa jani na bapa bado ni kijani, shuku ugonjwa wa jani la manjano, ambao ni wa virusi vingine.

Dawa ya kuponya mozaiki haipo. Msiwape pesa wanaouza dawa ya kupuliza kwa ahadi hiyo. Kidukari, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa majani, akionja muwa mgonjwa hubeba virusi mdomoni kwa muda mfupi sana, na akitua kwenye muwa mzima huambukiza kabla sumu haijamuua. Kuloweka mbegu, yaani vipande vya muwa vya kupanda, kwenye maji ya nyuzi 50 kwa saa mbili hupunguza ugonjwa wa kudumaa kwa machipukizi, ambao ni wa bakteria. Mozaiki hubaki vile vile. Kuosha panga nako ni kwa ajili ya bakteria hao. Endeleeni kuosha, ila msidhani mmemaliza kazi.

Njia kubwa ya ugonjwa huu ni mbegu. Ekari moja yenye mistari ya mita 1.2, ikipandwa vipande vya sentimita 45 kichwa kwa mkia, hula takriban vipande 7,500. Mtu akipungukiwa huomba vilele vya miwa kwa jirani avipande, na hapo ndipo virusi huingia. Kamati imeamua mbegu itoke kwenye kitalu kilichokaguliwa tu: miwa ya miezi minane hadi kumi, vipande vya macho matatu. Miwa ya machipukizi, iliyoota tena kwenye visiki baada ya kuvunwa, isikatwe mbegu hata ikipendeza.

Kupenda kwetu miwa laini ya kutafuna kuna gharama. Miwa ya jamii hiyo ndiyo dhaifu zaidi mbele ya mozaiki. Miaka ya 1920 kilimo cha miwa cha Louisiana, Marekani, kiliporomoka kwa ugonjwa huu, kikanusuriwa na aina chotara za miwa ziitwazo POJ, zilizotoka Java. Tutaomba ushauri wa KALRO Mtwapa, kituo cha shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kuhusu aina zenye ukinzani zinazoweza kustahimili hapa kwetu.

Mahindi yasipandwe bega kwa bega na miwa michanga. Yakianza kukauka, vidukari wenye mabawa huhamia kwenye kijani kilicho karibu. Na hasara huenda pande zote mbili: ugonjwa hatari wa mahindi ulioonekana Bomet mwaka 2011 hutokea virusi vya mozaiki ya miwa vikikutana na virusi vingine vya mahindi.

Shina gonjwa ling'olewe lote kwa jembe, pamoja na mizizi. Ukikata kwa panga, kisiki huchipua na ugonjwa wake. Usilitupe mpakani likiwa bichi, maana pingili hushika mizizi. Lianike juani likauke kabisa. Muwa uliokomaa unaweza kuuzwa kwa juisi, haumdhuru mnywaji, lakini kilele kisitoke shambani. Shamba likizidi mashina matano kwa kila mia, kung'oa moja moja ni kujichosha: vuna, lima lote, ng'oa machipukizi yote, ndipo upande upya.

Ukaguzi utaanza wiki ya nne baada ya kupanda masika, kisha kila baada ya wiki mbili hadi majani yafunge mistari. Mwenye shamba awepo na jembe lake, kwani shina litakalotiliwa alama litang'olewa siku hiyo hiyo.