Kim Jong Un na majenerali aliorithi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa kimataifa hupenda kusema Kim Jong Un amelishika jeshi la Korea Kaskazini barabara. Mimi nina shaka. Septemba 2010 alipewa ujenerali akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hana vita hata moja aliyopigana. Desemba 2011 baba yake, Kim Jong Il, aliyekuwa akiitawala nchi, akafariki, naye akamrithi. Kwenye mazishi, waliotembea naye kando ya gari la jeneza ni pamoja na Jang Song Thaek, mume wa shangazi yake, na mnadhimu mkuu Ri Yong Ho.

Julai 2012 Ri akavuliwa vyeo vyote, eti anaumwa. Desemba 2013 Jang akauawa, akidaiwa kupanga mapinduzi kwa kulitumia jeshi. Kati ya 2012 na 2015 mawaziri wa ulinzi walibadilishwa kama mashati. Anayewaamini makamanda wake hana haja ya pangapangua hiyo.

Picha za gwaride na makombora tumeziona za kutosha. Tuandikieni kuhusu makamisaa, yaani wasimamizi wa kisiasa wa chama tawala, wanaowachunga maofisa kambini.

Msomaji wenu,
Tanga