Kuhusu dume la Ubelgiji

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku Morogoro hatujambo. Picha ya lile dume la Ubelgiji unalotaka kupandishia mitamba yako nimeiona, na nimeona nikuandikie kabla hujalipia mbegu zake.

Yule ni Belgian Blue, aina ya ng'ombe wa nyama wa huko Ubelgiji. Minofu ile haikuletwa na chakula tu. Mwilini mwa ng'ombe kuna protini iitwayo miostatini, kazi yake kuzuia misuli isikue kupita kiasi. Mwaka 1997 wanasayansi walionyesha kwamba kwa ng'ombe hawa jeni ya protini hiyo imepungukiwa herufi 11 za DNA, ikaharibika. Nyama inaongezeka kweli, tena laini. Lakini ndama huzaliwa mnene na nyonga ya mama ni nyembamba, hivyo huko Ubelgiji ng'ombe wa aina hii wasiochanganywa damu wengi mno huzaa kwa upasuaji. Wewe Kongwa usiku wa manane utampata wapi daktari wa kumpasua mtamba?

Utaniambia chotara hurithi nakala moja tu ya jeni hiyo iliyoharibika, hivyo hawi mnene kiasi hicho. Ni kweli, na Ulaya madume haya hupandishwa kwa ng'ombe wakubwa wa maziwa, wengi wakazaa salama. Lakini mitamba yako ni zebu, ng'ombe wetu wa asili wenye nundu, tena wadogo, tena uzao wa kwanza. Nakuomba sana usiwajaribie.

Ukuaji kwa kawaida hautegemei jeni moja. Ni jeni nyingi, kila moja inachangia kidogo, na tofauti hizo zimo humo humo zizini mwako. Kinachoniuma ni jinsi tunavyozitupa. Ada ya shule ikifika, anayepelekwa mnadani ni yule dume kijana aliyewapita wenzake, kwa sababu ndiye mwenye bei. Anayebaki kupanda majike ni aliyedumaa, ambaye hakupata mnunuzi. Fanya hivyo miaka kumi, kisha watu waseme zebu hawakui!

Mwaka huu mbakize huyo bora, uuze wengine. Ila usimchague kwa macho. Uzito wa ng'ombe wa mwaka mmoja, karibu theluthi moja tu ya tofauti zake ni urithi. Kwingine ni malisho, maji, minyoo, maziwa ya mama. Ndiyo maana dume wa mnadani aliyenoneshwa kwa mashudu hukudanganya. Linganisha ndama wa msimu mmoja waliolishwa pamoja. Andika tarehe ya kuzaliwa na mama yake, mpime mzunguko wa kifua, ndio utakaokuonyesha uzito wake, siku ya kuachishwa kunyonya, na tena akitimiza mwaka. Wasiofaa uwahasi mapema, na dume umbadilishe kabla hajawapanda binti zake.

Ukitaka damu ya nje, tafuta ng'ombe wa aina ya Boran, au wa aina ya Mpwapwa, waliotengenezwa hapo jirani yako kwa damu nyingi ya Sahiwal na Red Sindhi, ng'ombe wa asili ya Asia, pamoja na zebu wetu. Hao jua la Dodoma wanalijua.

Mdogo wako aliuliza kama nyati anaweza kumpa ng'ombe mimba. Hapana. Ng'ombe ana kromosomu 60, yaani nyuzi zinazobeba jeni, nyati wetu wa porini 52, hawazai pamoja.

Utepe wa kupimia kifua nitautuma kwa basi la Ijumaa. Mwambie kijana aupokee stendi, na aanze na wale ndama wa masika.

Wako,
Rafiki yako wa Morogoro