Soda ya moto, sambusa ya baridi: kamati za sherehe Tabora mtuhurumie

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua maana hili jambo nimelinyamazia muda mrefu na sasa Desemba hiyo inakuja, kadi za michango zishaanza kuingia kwenye simu, singo kiasi hiki dabo kiasi hiki, na kuchanga hatukatai jamani, shida ni kile tunachokikuta ukumbini.

Utaratibu wa sherehe zetu hapa Tabora mnaujua na huko mliko naamini ni huohuo. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni kamili. Maharusi wanaingia saa mbili na nusu, MC anatambulisha kamati mmoja mmoja, afu ukoo wa baba, afu ukoo wa mama, afu marafiki wa kazini, keki, shampeni, zawadi, kila kundi linakuja linacheza na khanga zake, chakula kinafunguliwa saa nne na ushee. Kuanzia magharibi mpaka hapo wewe una soda moja ya moto na kifuko chenye sambusa moja na kebabu moja, vyote vilikaangwa asubuhi vimelala kwenye beseni. Sambusa ikishapoa mafuta yake yanaganda kwenye kaakaa, kila mtu anajua hilo. Mwenye sukari anaumia kimyakimya, mzee mwenye vidonda vya tumbo anaumia kimyakimya, wanaolia kwa sauti ni watoto tu.

Mimi napendekeza hivi, kamati ziache kile kifuko, wageni wapewe skonzi ndogo zenye nyama ndani, za moto, zinazotoka kwenye trei, zigawiwe kwenye saa moja usiku hivi, kabla MC hajakamata maiki. Basi. Sisemi pilau iondolewe, nani athubutu.

Hili sikulitunga mimi. Marekani ndo wanafanya sana kwenye mikusanyiko yao, wana vile vimikate vitamu laini vinavyouzwa vimeshikana, wanavikata, wanaweka hamu na jibini, juu wanapaka siagi iliyochanganywa na haradali na kunyunyizia mbegu za popi, inaingia kwenye oveni trei nzima. Tatizo ni kwamba kurasa za mapishi huwa zinalichukua hilo kama lilivyo, hamu na kila kitu. Hamu ni nguruwe. Ukumbi wa Tabora meza moja imekaa shangazi wa Kanyenye anayeswali swala tano na padri mstaafu, kitimoto utampa nani umwache nani? Weka ng'ombe wa kusaga au kuku wa kuchambua, habari imeisha, hakuna anayeulizana.

Na vimikate hivyo tunavyo, ni skonzi za kawaida tu za bekari. Zile zinatoka zimeshikana bavu kwa bavu, na hapo ndo penye siri yenyewe, usizitenganishe. Chukua kisu kirefu cha mkate, kilaze ubavuni mwa skonzi, kata shiti nzima katikati upate kipande cha chini na kipande cha juu, kama unafungua kitabu. Ukianza kukata moja moja utakesha na wageni watakukuta bado unakata. Ila chagua skonzi za jana, za leo asubuhi ni laini mno zinachanika na kisu kinazikokota.

Kipande cha chini kipitishe kwenye moto kidogo upande wa ndani ukauke, hii hatua watu wanairuka halafu wanalalamika mkate umelowa. Nyama nayo ikaangwe mpaka maji yake yaishe kabisa, vitunguu, karoti ya kukwaruza, hoho, tangawizi, binzari nyembamba, kijiko cha nyanya ya kopo, pilipili weka kwa adabu maana kuna watoto. Jibini kwetu ni ghali na si kila duka linayo kwahiyo usijipe presha, tengeneza sosi nzito ya maziwa: vijiko vitatu vya siagi, vitatu vya unga wa ngano, ukishanukia unga umeiva unamimina kikombe cha maziwa kidogokidogo huku unakoroga mpaka kijiko kikiburuzwa kinaacha njia. Changanya na nyama, tandaza juu ya kipande cha chini, funika na kipande cha juu. Hiyo sosi ndo inashika nyama isimwagike kwenye gauni la mtu, na maziwa Tabora hayajawahi kuwa shida.

Juu ndo napopapenda. Yeyusha siagi, tia kijiko kikubwa kimoja cha asali, haradali kijiko cha chai, kitunguu saumu kilichopondwa, paka juu ya skonzi na nyunyiza ufuta. Tunakaa kwenye mkoa wa asali, Sikonge hapo, Urambo hapo, asali ya miombo nyeusi nzito inasafirishwa mpaka Dar watu wanaigombania, halafu kwenye sherehe zetu wenyewe haionekani hata tone! Asali na siagi yenye chumvi juu ya mkate wa nyama, mhariri, siwezi kukuelezea kwa barua.

Mwenye oveni nyuzi 180, funika foili dakika 15, toa foili dakika 5 pate rangi. Umeme ukikatika, na utakatika, jiko la mkaa linafanya kazi ileile: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, trei juu yake, bati la kufunikia na makaa juu ya bati. Makaa mengi juu, machache sana chini. Mama zetu wameoka keki za sikukuu hivyohivyo miaka yote. Kwenye mkaa lile pako la asali lipake mwishoni kabisa maana asali inaungua haraka, ukiipaka mwanzo unatoa trei nyeusi juu na mkate baridi katikati.

Usafiri. Kutoka jikoni mpaka ukumbini weka kwenye hotipoti kubwa, lakini chini ya mfuniko tandika kitambaa safi kikavu kinywe mvuke, la sivyo mvuke unadondoka unarudi kwenye mkate na unafungua unakuta uji. Mimi nimewahi kuona hotipoti tatu zikirudishwa jikoni kwa sababu ya kitambaa tu.

Hesabu: kilo moja ya nyama ya kusaga ikishachanganywa na mboga na sosi inajaza skonzi ndogo kama 30. Wageni 200, mbilimbili, skonzi 400, ni kilo 13 au 14. Msione nyingi, linganisheni na gharama ya sambusa ambayo kuna anayesukuma manda, kuna anayekunja, kuna anayesimama kwenye karai tangu alfajiri, na mafuta ya kukaangia yalivyo bei juu saivi. Hii wanawake wanne na majiko matatu wanamaliza jioni hiyohiyo, nyama unaweza kuiandaa mchana ikakaa kwenye friji.

Kuna wanaosema basi kama ni mikate si tuweke ile ya mayonizi na yai, ya baridi, haina kazi. Hapana. Shirika la Afya Duniani wanasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, kama ni cha moto kikae juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5, katikati hapo ndo vijidudu vinazaliana. Sasa mayonizi iliyopakwa saa saba mchana, Oktoba ya Tabora, ukumbi wa bati, ikaliwe saa moja usiku? Hiyo sio sherehe hiyo ni foleni ya chooni.

Watu wa keteringi wameniambia wageni watashiba mkate halafu pilau libaki. Kwanza sijawahi kuona pilau limebaki kwenye sherehe ya hapa, pili likibaki kuna ndugu wanaolala na watakula kesho, tatu mtu aliyekula kidogo anasikiliza hotuba, anacheza, hata zawadi anapeleka kwa tabasamu. Mwenye njaa anamwangalia MC vibaya tu.

Ndugu zetu wa Kigoma najua watauliza mgebuka je, yule samaki wao. Mgebuka wa kukausha ukiutoa miba vizuri ukauchambua na kitunguu na ndimu unaingia kwenye skonzi bila shida, ila kwa sherehe ya watu 200 nani atatoa miba yote hiyo, na mmoja akikabwa sherehe imekwisha. Fanyeni ya watu ishirini nyumbani, mimi mtanialika.

Ombi langu kwenu mhariri ni dogo. Huo ukurasa wa mapishi wa Jumapili mkiandika chochote cha oveni, wekeni na mistari miwili ya jiko la mkaa, na mkiandika hamu andikeni na mbadala wake, maana wanaokata hilo gazeti na kulibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni wengi tuko huku.

Ni mimi msomaji wenu na mjumbe wa kamati nyingi mno,
Isevya, Tabora