Neno "vichezeo" halitoshi kwenye ankara

Mhariri,

Ankara nyingi za magari ya rimoti, boti za betri na magari ya kupandwa na watoto yanayoagizwa China huja na neno moja tu la maelezo: vichezeo. Kiwanda kikiandika hivyo hakipotezi kitu. Hasara ni ya mwenye mzigo, na huijua akiwa Dar es Salaam au Mombasa, gharama za kuhifadhi zikihesabiwa kwa siku. Naomba nafasi nieleze kinachopungua.

Zamani msimbo wa HS, yaani orodha ya kimataifa ya namba za kutambulisha bidhaa forodhani, ulikuwa na namba maalumu ya vichezeo na modeli zenye mota, 9503.80. Mwaka 2007 namba hiyo iliondolewa, vyote vikaunganishwa kwenye 9503.00 pamoja na wanasesere na baiskeli za miguu mitatu. Tangu hapo watu hudhani kila kilichomo kwenye katoni ya vichezeo ni kichezeo. Gari lililo na rimoti yake ndani ya boksi moja la rejareja, sawa, linakwenda 9503. Spea zilizofungwa peke yake ni habari nyingine: mota husomwa 8501, rimoti za redio 8526, betri za lithiamu ioni 8507.60. Ziandikwe mistari tofauti, kila moja na idadi na bei yake. Droni nazo, tangu toleo la HS la 2022, zina 8806. Zinazobaki 9503 ni zile za kujifurahisha tu. Droni yenye GPS, inayoweza kuruka yenyewe au kubeba kitu, usiiite kichezeo, na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kitafutwe kabla ya kulipa kiwanda.

Penye hatari zaidi ni betri. Betri ya lithiamu ioni iliyo ndani ya gari, au iliyofungwa pamoja nalo, husafiri kwa namba UN3481, moja ya namba za Umoja wa Mataifa za mizigo hatari. Ikiwa peke yake ni UN3480, na tangu 1 Aprili 2016 haipakiwi kama mzigo kwenye ndege ya abiria. Hupanda ndege ya mizigo tu, tena ikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Sababu yake ni ya kweli: betri iliyojaa ikipiga shoti hutoa joto kali linalowasha ya jirani, na moto wa namna hiyo ndani ya ndege ni mgumu mno kuuzima. Kwa hiyo anayechomeka betri mia mbili za akiba katikati ya katoni za magari ili kuokoa nauli anahatarisha watu, na mashine ya eksirei ikizionyesha, shehena nzima huzuiwa.

Kiwanda kitoe muhtasari wa majaribio ya UN 38.3, yaani ya usalama wa betri za lithiamu safarini. Usiupokee bila kuusoma. Kosa linalojirudia ni karatasi kutaja betri ya 1200mAh huku lebo ya betri ikisema 1500mAh. Hiyo ni karatasi ya betri nyingine. Hesabu ya wati-saa (Wh), yaani nishati iliyomo kwenye betri, ni rahisi: volti mara ampia-saa, na 1500mAh ni ampia-saa 1.5. Betri ya 7.4V na 1500mAh ni 11.1Wh. Mstari kamili wa ankara usomeke hivi: gari la kuchezea la rimoti, mota ya umeme, betri moja ya lithiamu ioni 7.4V 1500mAh 11.1Wh ndani ya kila gari, rimoti ya 2.4GHz, vipande 24 kwa katoni.

Magari ya kupandwa na watoto yaje kwa meli. Boksi la sentimita 110 kwa 60 kwa 40, hata likiwa na kilo 18 kwenye mizani, kwa ndege litatozwa kilo 44, kwa kuwa ujazo, kwa sentimita za ujazo, hugawanywa kwa 6000. Kontena la futi 40 lenye kimo kirefu (high cube) hubeba maboksi kama 250 ya kipimo hicho.

Mengi ya magari haya hutumia betri ya asidi iliyozibwa, 12V 7Ah. Ikikaa miezi sita stoo bila chaji, bamba zake huweza kushika salfeti, utando mgumu unaozuia chaji, na isifufuke tena. Mteja hulaumu gari. Waya mwekundu wa betri uchomolewe tangu kiwandani, na betri ichajiwe kila baada ya miezi mitatu, saa 8 hadi 12 kwa chaja ya 1000mA. Chaja iagizwe ya 230V yenye pini tatu za mraba. Ya 110V huungua siku ya kwanza.

Kwa kila magari 100, inafaa kuongeza chaja 10, rimoti 5 na gia boksi jozi 5. Rimoti zitoke kiwanda hicho hicho, toleo hilo hilo, la sivyo hazitaunganishwa na kipokezi. Gia boksi ziwe za kushoto na za kulia, mota zake zikiwa na mizunguko sawa kwa dakika. Ukifunga ya 12,000 upande mmoja na ya 15,000 upande wa pili, gari litavuta upande na gia za plastiki zitaliwa meno ndani ya wiki chache.

Mdau wa forodha,
Kariakoo, Dar es Salaam