Shoga, nisomee slaidi hizi

Shoga yangu Zuhura,

Salamu kwanza. Huku Tanga tupo, tunamshukuru Mungu, joto lenyewe unalijua, na mama anauliza ndizi zake za Moshi zimeishia wapi. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya Mwanaidi. Utanisuta tukionana, leo nisikilize kwanza, nina shida ya kazini, maabara.

Bosi wetu mpya (ndiye yuleyule wa sukari vijiko vitano) anataka vipande vya tumbo vinavyotoka chumba cha kamera ya kupitishwa kooni vipimwe H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, kwa kipimo cha yurease (kimeng'enya cha mdudu kinachovunja urea) peke yake. Histolojia, yaani kuvitazama vipande kwa hadubini, basi. Ati inachelewesha majibu, inamaliza formalini na nta. Kwa upande wa haraka ana haki yake. Unatumbukiza kipande kwenye kichupa cha urea chenye rangi ya fenoli, mdudu akiwemo anaivunja urea, amonia inatoka, manjano inageuka waridi kali. Kipande chenye wadudu wengi hakikuweki hata nusu saa. Mpaka leo sichoki kutazama waridi inavyoanzia pale pale kilipolala kipande, kisha ikapanda juu kama moshi wa ubani. Na urea ya Christensen tunajitengenezea wenyewe, gharama yake ndogo.

Tabu ni pale kichupa kinapobaki manjano hadi kesho yake. Kuna wagonjwa ambao yurease imesema hakuna, halafu naweka slaidi ya Giemsa, hiyo hiyo rangi ya malaria, nawakuta wamejaa kwenye ute, wamejipinda, kimya, kama hawajasikia majibu yetu. Nikafukua mafaili. Omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, omeprazoli, omeprazoli! Si unawajua watu wetu, tumbo likichoma, duka la dawa ndiyo hospitali ya kwanza. Ile dawa inawapunguza wadudu, na waliobaki wanahama sehemu ya chini ya tumbo, wanapanda juu. Sasa daktari akikata kipande kimoja cha chini tu, tunategemea nini? Inatakiwa mgonjwa aache omeprazoli wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki wiki 4. Hapa kwetu nani anamwuliza? Fomu yenyewe haina hata mstari wa dawa anazotumia. Na anayetokwa damu tumboni ndiyo usiseme, yurease yake inaweza kukudanganya mchana kweupe.

Nikayasema hayo kikaoni. Bosi akanijibu kwamba hata Marshall hakuhitaji mambo mengi. Zuhura, nilitaka kucheka! Marshall alikuwa na Warren! Warren, mpatholojia wa Perth, aliwaona hao wadudu kwenye slaidi mwaka 1979, na Marshall amekuja kufanikiwa kuwaotesha mwaka 1982, tena baada ya sahani kukaa muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka. Nobeli ya 2005 wakagawana. Nilikuwa bado naendelea, chai ikaletwa, unajua vikao vyetu.

Kuotesha sisi hatuna ubavu nako. Mdudu anataka oksijeni kama asilimia 5 tu, anataka siku kadhaa, na kipande kikicheleweshwa njiani umeshampoteza. Ila ndiyo njia ya kujua kwa uhakika dawa ipi anaikataa. PCR, kipimo cha DNA, nayo inaweza kuuona usugu kwa antibayotiki ya klarithromaisini bila kuotesha chochote, lakini haichagui, hata DNA ya mdudu aliyekwisha kufa inaiokota. Haya, siombi makubwa, naomba histolojia isifutwe. Kichupa hata kikiwa chekundu vipi hakitakwambia kama ukuta wa tumbo umeanza kubadilika. Mdudu huyu aliorodheshwa kuwa chanzo cha saratani tangu 1994, halafu tusiuangalie ukuta?

Lakini bosi ana hoja moja iliyonikaa kooni. Anasema jicho langu lina upendeleo: kichupa nasoma mimi, slaidi nasoma mimi. Hapo simbishii. Ndiyo maana nakuandikia. Nitakufungashia slaidi, kila mgonjwa mbili, ya rangi ya H na E na ya Giemsa, zina namba tu. Majibu ya yurease sikupi, hata ukinibembeleza. Wewe andika umeona au hujaona, na kama kuna uvimbe au ukuta umebadilika. Usipokubaliana na mimi, afadhali nijue kwako kuliko kwa yule bwana. Kisanduku nitampa Shafii, ila safari hii nitamwambia asikiweke chini ya magunia.

Je, hadubini yenu ya mafuta imeshatengenezwa? Yule mzee wa patholojia bado anakuja Alhamisi, na unadhani atakubali kuzipitia zile zenye utata? Huko kwenu daktari anakata vipande vya chini na vya juu, au na nyie mnaletewa kimoja? Fomu yenu ina sehemu ya dawa? Kama ipo, nipigie picha unitumie leo leo, kikao kingine ni Jumatatu.

Wako,
Mwanahamisi