Kupiga Windows ni bei moja, kuhamisha data ni bei nyingine

Wiki haiishi bila mteja kutuuliza sisi mafundi wa kompyuta: "Mbona jirani yenu hapo Msimbazi anapiga Windows kwa elfu kumi na tano, nyie mnataka elfu hamsini?" Juzi kaka mmoja ameondoka akisema tunaibia watu. Neno hilo limetuuma, ndiyo maana tunaandika.

Kupiga Windows hata kwetu ni elfu kumi na tano. Inayobaki ni ya kuhamisha data, na hapo ndipo kazi ilipo. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, watu wanabadilisha mashine, na wengi wanapita njia ya mkato ileile: wanakopi vya kwenye desktopu na Documents kwenye flashi, halafu wanamwambia fundi apige fomati.

Dada mmoja, mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, alifanya hivyo. Alituletea flashi yenye alama ya QuickBooks, programu yake ya hesabu, aliyoikopi kutoka desktopu. Tukaangalia ukubwa: KB 2. Ile ni ya kufungulia programu tu, hesabu hazimo. Faili la hesabu, lile la .QBW, kwa kawaida hukaa folda ya Public Documents, siyo Documents ya kawaida, na huko hakugusa. Diski yenyewe SSD, zile za kisasa zisizozunguka. SSD ikishafomatiwa, amri iitwayo TRIM huifutilia mbali data, na mara nyingi programu za kuokoa mafaili hazikuti kitu. Alianza upya kuingiza risiti za EFD moja moja, na karatasi zile mnajua zinavyofifia.

Nywila za Chrome nazo ni vivyo hivyo: zimefungwa na akaunti ya Windows ya mashine ya zamani, ukikopi folda peke yake hazifunguki. Na kama diski ina BitLocker, yaani kufuli la Windows, ukiihamishia mashine nyingine itadai ufunguo wa tarakimu 48.

Sisi hatufomati kabla ya kukopi diski nzima, mashine ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba) umeme usije ukakatika katikati. Tunalinganisha idadi ya mafaili pande zote mbili, kisha unakaa nasi unayafungua mwenyewe. Diski ikiwa imechoka, kazi inalala hadi asubuhi.

Tuletee mashine ya zamani kabla hujagusa kitu, na chaja yake. Kama umeshafomati, izime sasa hivi, usiendelee kuitumia. Ikiwa ni HDD, diski ya zamani inayozunguka, matumaini bado yapo. Ikiwa ni SSD, tutakwambia ukweli kabla ya kupokea hela yako.