Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Mmoja na Somo Wetu Bakhita

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, Sista mlezi wetu, wazee wa chama, wanachama wenzangu na wageni wetu kutoka jumuiya jirani, nawashukuru kwa kufika. Nawashukuru zaidi ninyi mliokuja kwa miguu na tope hili la tangu alfajiri. Karibuni sana.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kabla mhazini hajasoma hesabu. Habari za mahudhurio na ada katibu ameshazigawa kwenye karatasi mliyo nayo, kwa hiyo sitazirudia. Naomba muda wangu niutumie kwa lile tulilokubaliana katika mkutano mkuu uliopita. Mtakumbuka kwamba michango ya hija haikutosha, tukaamua kuiahirisha, na badala yake tukasema tutembee mwaka mzima na somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wa chama chetu, Yosefina Bakhita, hapa hapa tulipo. Wapo walioona kwamba tunajifariji tu baada ya kukosa nauli. Hata mimi niliona hivyo. Leo sioni hivyo tena, na taarifa hii nzima ni kuwaeleza kwa nini.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya Misa ya kwanza, tulikaa katika chumba kilicho nyuma ya sakristia. Mmoja wetu alisimulia kipande kimoja tu cha maisha ya Bakhita. Tukakaa kimya. Kisha kila mtu akajiuliza swali moja: wiki hii, nyumbani kwangu, kipande hiki kinanidai nini? Hapakuwa na hotuba, wala mtu hakulazimishwa kujibu kwa sauti.

Kikao cha kwanza kilihusu jina. Bakhita alizaliwa mnamo 1869 huko Darfur, magharibi mwa Sudan, katika kijiji cha Olgossa. Alikuwa bado mtoto mdogo watekaji walipomchukua karibu na kwao. Wakamtembeza pekupeku mamia ya kilomita mpaka El Obeid, akauzwa, akanunuliwa, akauzwa tena. Hofu ile ilimfutia hata jina alilopewa na wazazi wake, wala hakulikumbuka tena mpaka anakufa. Bakhita ni jina alilopachikwa na waliomteka. Ni Kiarabu, maana yake mwenye bahati.

Msimulizi alipofika hapo, bibi mmoja wa safu ya mbele akasema, "Kumbe huyu ni Bahati!" Ndiyo, ni Bahati. Neno letu na jina lake ni mzizi mmoja, na katika chama hiki tunao akina Bahati ambao hawakujua kwamba siku zote wanalibeba jina la mtakatifu. Basi bibi yule hakuishia hapo. Akageuka, akatutazama sisi wenye nyumba na watoto, akauliza, "Na hao mabinti wanaowapikia na kuwalelea watoto, wanaitwaje?"

Chumba kilinyamaza. Sisi sote tunawaita dada. Dada njoo, dada mchukue mtoto, dada chai iko wapi.

Mimi binti wa kwangu nilikuwa na jina lake, au nilidhani ninalo. Niliambiwa na mtu aliyemleta kutoka kijijini, na nilikuwa nimemwita hivyo kwa mwaka na nusu. Jioni ile nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikachuchumaa kando yake, nikamwuliza jina alilopewa na mama yake. Akaendelea kupepeta kidogo, kisha akalitaja kwa sauti ya chini. Halikuwa lile. Yule aliyemleta aliona la kwake ni gumu, akampa jingine jepesi, na binti akaogopa kunisahihisha. Nilimpa kalamu, akachana kipande cha mfuko wa unga, akaandika majina yake matatu, la kwake, la baba na la babu, akayapigia mstari chini. Kipande kile kimo ndani ya kitabu changu cha sala mpaka leo.

Naliungama hili mbele yenu kwa sababu ninyi mmenichagua niwaongoze kwenye sala, na kwa mwaka na nusu nilikuwa nikisali rozari sebuleni huku jikoni kwangu yupo mtoto wa watu ambaye hata jina lake silijui. Nimemwomba msamaha. Anaitwa kwa jina lake sasa.

Baada ya kikao hicho mlianza kuleta majina. Tarehe 8 Februari, sikukuu ya somo wetu, tuliyaweka yote katika nia za Misa, na Baba Paroko aliyasoma moja moja bila kuruka hata moja. Tarehe hiyo, tangu 2015, ndiyo pia siku ambayo Kanisa ulimwenguni kote linasali dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Mabinti wengine walikuwapo kanisani, na niliona baadhi yao wakiinua uso waliposikia wanatajwa. Wanachama kadhaa wameniambia kwamba tangu hapo wanawaacha wapumzike Jumapili, na wawili kati ya mabinti hao mnawasikia kila wiki, wanaimba kwaya sauti ya pili.

Kwaresima tulikaa juu ya neno Bwana. Bakhita alikuwa na mabwana wengi. Nyumbani kwa ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki alichapwa karibu kila siku, na ndiko alikochanjwa kwa wembe mwilini kama pambo, alama zaidi ya mia moja, na chumvi ikasuguliwa ndani ya majeraha ili makovu yabaki wazi. Sasa mtu aliyepitia hayo anapoambiwa kwamba yupo Bwana mwingine, mkuu kuliko mabwana wote, tungetegemea akimbie. Bakhita alifurahi. Kwa lahaja ya watu wa Venezia alimwita Mungu "Paron", yaani bwana, neno lile lile wanalomwitia mwenye shamba au mwenye nyumba. Papa Benedikto XVI alipoandika waraka wake juu ya tumaini mwaka 2007, alimtaja Bakhita mwanzoni kabisa kwa sababu hiyo: aligundua kwamba Bwana huyu anamjua, anampenda, na naye mwenyewe alikubali kupigwa.

Sisi Waswahili tunalielewa hili bila kutafsiriwa. Pwani yetu ilikuwa na mabwana na watumwa, misafara ilishuka mpaka Bagamoyo, na neno bwana tumelirithi likiwa na historia hiyo ndani yake. Bado kila asubuhi tunasema Bwana utuhurumie. Mzee wetu mmoja, fundi seremala, alisema kwamba tangu kikao kile akitamka Bwana kanisani anajiuliza kama vijana wake wa karakana wakimwita bosi wanamaanisha mtu wa aina gani. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Kikao cha Juni kilikuwa kigumu, na naomba nikieleze vizuri kwa sababu wengine mlisikia habari zake nusunusu.

Yapo maneno ya Bakhita yanayopendwa sana kwenye mahubiri: kwamba kama angekutana na wale waliomteka na waliomtesa, angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila yale yaliyompata asingekuwa Mkristo na mtawa. Maneno hayo yaliposomwa, mwanachama mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba hawezi, na kwamba ameshachoka kuambiwa avumilie. Wanaoijua nyumba yake wanajua kwa nini. Wawili watatu walijibu haraka kwamba mtakatifu ndivyo alivyofanya, avumilie tu. Yule dada akaondoka, na miezi miwili hakurudi.

Msimamo wangu kama mwenyekiti ni kwamba tulimkosea, na tulimkosea Bakhita pia, kwa kuwa maisha yake hatukuyasoma mpaka mwisho. Mwaka 1883 kule Khartoum alinunuliwa na makamu wa balozi mdogo wa Italia, Callisto Legnani, ambaye hakumpiga, na 1885 alikwenda naye Italia. Huko alitolewa kwa familia ya Michieli, akawa yaya wa mtoto wao, Mimmina. Mwaka 1888 yeye na mtoto waliachwa kwa Masista wa Canossa mjini Venezia wakati wazazi wakishughulikia biashara yao kwenye Bahari ya Shamu. Mama mwenye nyumba aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa. Alikataa mbele yake, akakataa mbele ya wakubwa wa Kanisa na wa serikali walioitwa kuamua shauri lile. Tarehe 29 Novemba 1889 ikatangazwa kwamba ni mtu huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikuutambua utumwa. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa Yosefina Margareta Fortunata, na hilo Fortunata ni Bakhita kwa Kiitalia.

Angalieni mpangilio huo. Kwanza alisema hapana, mlango ukafunguka, akawa huru. Maneno ya kubusu mikono aliyasema akiwa mtawa, hakuna tena aliyeweza kumpiga. Ni maneno ya mtu huru. Tusiyatwae tukamsukumie mwenzetu aliye bado chini ya fimbo, ili arudi akae kimya. Yule dada amerudi, ameniruhusu niseme hivi bila kumtaja, na Sista mlezi anaendelea kumsindikiza kwa yale yanayohitaji msaada zaidi ya sala. Kwa niaba ya kamati, naomba radhi.

Kikao hicho ndicho pia kilichotufanya tuongee na mabinti wa jumuiya wanaoahidiwa kazi za ndani nje ya nchi. Hatukuwakataza kwenda, maana riziki haina mpaka. Tuliwaambia mkataba wausome na mtu wanayemwamini, pasipoti wasimwachie mtu, na nyumbani waache anwani kamili ya waendako. Vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, walitusaidia sana.

Sehemu iliyobaki ya mwaka masimulizi yalitukalisha Schio, na kusema kweli huko ndiko nilikompenda somo wetu kupita mwanzo. Alifika katika mji ule wa kaskazini mwa Italia mwaka 1902, na ukiondoa miaka michache ya kuwaandaa masista wa kwenda Afrika kwenye nyumba ya Vimercate, alikaa hapo mpaka alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Zaidi ya miaka 40! Alifanya nini? Alipika. Alidarizi. Alitunza sakristia. Alikaa mlangoni kupokea wanaobisha hodi. Watoto wa shule walipopita aliwawekea mkono kichwani, na wenyeji wakamwita Mama Mweusi kwa upendo. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, alimtangaza mpishi na bawabu.

Kutokana na hapo tukaanzisha zamu ya mlangoni. Wawili wawili, kila Misa ya Jumapili, kusimama kwenye mlango mkubwa, kusalimia, kumshika mkono mzee apande ngazi, kumwonyesha mgeni kiti. Agosti na Septemba ilikwenda vizuri. Ninakumbuka mama mmoja mgeni aliyekuja na mtoto analia, akataka kurudi nje. Mwanachama wetu wa zamu akampokea mtoto, akazunguka naye chini ya mwembe mpaka Komunyo. Mama yule sasa yumo katika jumuiya yetu.

Mvua zilipoanza, zamu ikafa. Sitaficha. Vivyo hivyo ziara za wagonjwa: mwenzetu mmoja alilala miezi miwili na hakuna hata mmoja wetu aliyebisha hodi kwake, kila mtu akidhani mwingine amekwenda. Alituambia mwenyewe, bila hasira, na hiyo iliniuma kuliko angekasirika. Kamati imepanga kwamba kila mtaa uwe na mtu mmoja mwenye dhamana ya kujua nani amelala.

Tumewazika wenzetu wawili. Mmoja wao, siku zake za mwisho, aliniomba nimsomee tena yale aliyoyasema Bakhita uzeeni, akiwa kwenye kiti cha magurudumu: kwamba anakwenda polepole kuelekea umilele na masanduku mawili, moja lina dhambi zake, na jingine, zito zaidi, lina mastahili ya Yesu. Nilimsomea mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amelala. Raha ya milele uwape, ee Bwana.

Kuhusu hija, mfuko wake haujaguswa na mhazini ataeleza kilichomo. Kamati inapendekeza tuendelee na vikao vya Jumapili ya pili hata kama nauli itapatikana. Mtajadili na kupiga kura kwenye ajenda ya nne.

Nawashukuru Baba Paroko, Sista mlezi, katibu na mhazini, na bibi wa safu ya mbele kwa swali lake. Karatasi mpya ya zamu ya mlangoni iko mezani kwa katibu. Kabla ya kwenda kwenye chai, piteni mwandike majina yenu, yote matatu.

Mwenyekiti